Mama Anapofundisha Ugenini

Mama mwenzangu, ukiitwa kufundisha Beijing, watoto utamwachia nani?

Jirani yangu hapa Buzebazeba aliitwa. Alikwenda kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mumewe huuza dagaa, leo Kibirizi, kesho safarini. Watoto wakabaki kwa bibi yao.

Lugha yetu si ngeni huko: Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kilianza kuifundisha mwaka 1961. Wanafunzi walimwita "laoshi", yaani mwalimu, wakajichagulia majina ya Kiswahili. Kiti, viti, mti, miti: hapo walitoka jasho, kwani maneno ya Kichina hayabadiliki hivyo. Na alipowaambia waje saa 2 asubuhi, walishangaa. Kwao hiyo ni alfajiri mbichi!

Baridi aliizoea. Kilichomwia kigumu ni usiku. Beijing imetutangulia saa tano: watoto wakimaliza kula saa 2, kwake ni saa 7 usiku. Alitega saa, akaamka, akawasikiliza.

Mdogo alipougua malaria, bibi alitaka tumfiche mama yake. Nilikataa. Tukampigia simu. Alilia, kisha akauliza, "Dawa ameanza?" Kulipokucha aliingia darasani.

Mama unayesafiri, panga mapema: nani atampeleka mtoto zahanati, fedha ziko wapi, simu ni saa ngapi. Nawe unayebaki, usifiche ugonjwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.