Ligonge Kwanza, Rangi Baadaye

Boti la faiba lina fiksi kinoma. Unalikuta limetelekezwa ufukweni Bukoba, rangi imechunika, kuku wanataga ndani, unasema hiki kimeo. Kumbe mwili wake mzima kuliko magoti ya mwenye nalo. Jingine limepakwa buluu juzi tu, jina la msanii ubavuni, masela wanapiga nalo picha za status, halafu ukiligonga nyuma unasikia utupu mtupu. Ukinunua kwa macho, umeliwa.

Letu lilidandia Fuso lililoshusha ndizi mjini na kurudi tupu. Likapita Kyaka, likapita Kayanga, likaja kutua Bugomora, Kyerwa, katikati ya migomba, mbali kabisa na maji. Kijiwe kizima kilihamia pale. Mzee mmoja akasimama, akalizunguka na fimbo yake, akauliza, “Hili dude la nani, wajukuu?” Tukamwambia ni boti, mzee, tunalifufua. Akasema, “Haya. Na ziwa mnalileta lini?”

Ana haki ya kutuchana. Ila Kyerwa nayo si jangwa. Mto Kagera unatupitia upande wa Rwanda, unakata kona upande wa Uganda, na ndo mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Kuna kambare, kuna kamongo, kuna ningu anayepanda na maji ya mvua akitafuta pa kutagia. Kuna kiboko na mamba pia, na hao hawana mazoea na mtu. Na kwa nini faiba? Chombo cha mbao kinataka kalafati ya pamba kila mara, na mbao za maana siku hizi bei imechangamka. Faiba ukiitengeneza fresh, unaisahau.

Boti jipya? Mchongo upo. Januari 2024 Rais Samia alikuwa Mwanza kuzindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mikopo isiyo na riba. Safi sana, ila foleni ni foleni, na vijana wa migombani hawako mbele. Kwa hiyo tukajichanga. Mwana mmoja alitaka kupiga butura, auze kahawa ya dingi wake ingali maua mtini ili atoe mchango wake. Tukamkazia. Boti likizama unaogelea, kahawa ukishaiuza ikiwa maua msimu mzima unaangalia wenzako wakianika.

Sasa kugonga. Chukua sarafu ya mia mbili au nyundo ndogo, pita boti zima, omo mpaka tezi, taratibu. Faiba ni nyuzi za kioo zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, zikanyweshwa rezini mpaka zikagandamana. Tabaka zikiwa zimeshikana, mlio unakuja mkali, mkavu. Zikiwa zimeachana, mlio unakuja mzito, umefifia. Hapo unachora duara la chaki. Kazi ya kizee, haina mbwembwe, hakuna wa kukuposti, ila ndo inakuambia kama umenunua boti au umenunua stori.

Ujanja mkubwa uko nyuma, kwenye ubao wa tezi, pale injini inapofungwa. Kioo chenyewe hakiozi. Kinachooza ni plaiwudi iliyozikwa ndani yake. Maji yanapenya kwenye matundu ya skrubu, yanakaa humo miaka, wewe nje unaona kumeng'aa. Toboa tundu dogo kwa drili. Ukitoka unga mkavu, shukuru Mungu. Letu lilitoa tope jeusi. Maana yake unakata ganda la ndani, unachokonoa uozo wote, unaacha pakauke kabisa, unaweka plaiwudi mpya ya maji, ndo unafunika upya kwa faiba. Msoto. Lakini ukiruka hapo, siku ukiwasha injini inaondoka peke yake na ubao wake, wewe unabaki umeshika kamba ya kuwashia.

Mmarekani Ray Greene alitengeneza boti la faiba huko Ohio mwaka 1942, na tangu hapo dunia imezimwaga kila bahari. Shida yake ni kwamba hazifi. Haziozi, haziyeyuki ukamimina kwenye kalibu upya. Ufaransa zilijaa mpaka 2019 wakaanzisha mfumo wa taifa wa kuzivunjavunja boti za starehe zilizochoka. Hapa Kagera mfumo ni mimi na wewe na grainda.

Na grainda ina adabu yake. Vumbi la kioo likikuingia shingoni utakesha unajikuna. Mikono mirefu, barakoa, miwani, na ukimaliza oga maji ya baridi kwanza. Bi mkubwa alitufukuza upande wa jikoni siku ya kwanza tu, na alikuwa sahihi: vumbi lile halitakiwi kwenye ndizi wala kwenye mapafu ya madogo. Tukahamia nyuma ya zizi, tukafunga turubai. Kwenye ufa usipake tu juu ukadhani umetibu. Chonga mteremko mara kumi na mbili ya unene wa ganda. Ganda la milimita 5, mteremko sentimita 6 kila upande. Tabaka jipya linahitaji sehemu pana ya kung'ang'ania.

Yote hayo yafanyike kiangazi, Juni mpaka Agosti, maana rezini na unyevu haziivi chungu kimoja. Noma ni kwamba hiyo ndo miezi ya kuchuma kahawa, dingi anakutafuta na kikapu. Tulikuwa tunapiga kahawa asubuhi, boti jua likishapanda. Ikaja kuwa poa, maana asubuhi ya huku baridi inachelewesha rezini kukaza.

Kwenye kuchanganya naomba nisikilizwe. Kilo 1 ya rezini ya poliesta inataka hadena, ile dawa ya kuikaza, gramu 10 hadi 20, basi. Jua likiwaka, kaa kwenye 10. Kuna mafundi wanapima kwa kifuniko cha soda, eti mkono umezoea. Mkono umezoea nini? Nunua bomba la sindano duka la dawa. Changanya kidogo kidogo, una kama robo saa tu kabla haijaganda. Iliyobaki usiiache ndani ya kopo, inajichemsha yenyewe mpaka inatoa moshi. Imwage nje kwenye udongo, itandazike. Na hadena ikiruka jichoni inaweza kukupofua, hapo hakuna utani, miwani haivuliwi.

Chini ya viti tumejaza povu gumu, tukaziba kabisa. Wazazi wetu hawahitaji maelezo kuhusu hili. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, 21 Mei 1996, ilibaki inaelea kwa hewa iliyonaswa ndani. Walipotoboa bodi wakitafuta walionasa, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Povu haliwezi kutoka hivyo. Jaketi za kuokolea nazo ni lazima, kila kichwa na lake. Ukishuka Kagera bila boya, boya ni wewe.

Karatasi pia. TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, wanakagua na kusajili chombo, halmashauri inatoa leseni ya uvuvi. Mto wetu ni mpaka, mkondo ukikutupa ng'ambo huwezi kuanza kujieleza kwa stori za kijiweni.

Injini bado, tunaanza na makasia. Rangi ndo imeleta mgogoro. Wana wa Yanga wanataka kijani na njano, wana wa Simba wameapa hawatakanyaga humo, wao ni nyekundu na nyeupe au hawatoi tena hata jero. Kwa sasa boti ni la kijivu, na litabaki hivyo mpaka ligi iishe.