Nyumba ya Magurudumu Huanzia Chini ya Sakafu

Anayetaka gari la kulala safarini kwa kawaida huanza na mpangilio wa ndani: kitanda kikae wapi, jiko liwe upande gani, choo kitatosha au hakitatosha. Akimaliza kuchora ndipo anatafuta gari la kubeba mchoro wake. Huko ni kuanza na mwisho. Kitanda unaweza kukihamisha wakati wowote. Ekseli, springi na injini utadumu navyo mpaka siku ya kuliuza gari. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, ambaye lami nzuri ya asubuhi humwishia kwenye vumbi au tope jioni, gari la msingi lichaguliwe kwa kufikiria siku mbaya kuliko zote za safari. Siku hiyo urembo wa ndani haumsaidii mtu.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo wengi huumia. Chukua Hiace ya paa refu, ambayo uwezo wake wa kubeba ni kama tani moja. Plaiwudi moja ya milimita 18, futi nane kwa nne, ina kilo 30 na ushei. Makabati, kitanda na sakafu vinaweza kumaliza plaiwudi kumi, na hapo kilo 300 zimekwenda. Maji lita 100 ni kilo 100, bila tangi lenyewe. Betri mbili za asidi za saizi ya kuendeshea friji na taa ni kilo 60 hivi, mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijumlisha na chuma chake hukaribia 30, na watu wanne ni kilo 300. Tayari tumekaribia kilo 800, na hakuna aliyepakia nguo, chakula, friji, hema la pembeni wala tairi la akiba la pili. Gari lililojaa hivyo litaondoka nyumbani bila kulalamika. Litalalamika kwenye mteremko wa Kitonga, breki zikipata moto, au kwenye vumbi lenye vijituta vya mfululizo, jani la springi likikatika. Mahali mzigo unapokaa nako kuna maana: tangi la maji likifungwa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, hulielemea gari mkiani na kuinua pua yake. Kwa Fiat Ducato, inayobeba sehemu kubwa ya magari ya kulala ya Ulaya na inayovutwa na tairi za mbele, hilo ni janga kwenye kilima chenye utelezi, kwa kuwa tairi zinazopaswa kuvuta ndizo zilizopunguziwa uzito.

Ndiyo maana naipa Toyota Coaster alama nyingi kuliko inavyopewa. Basi la abiria 29 limeundwa kubeba watu ambao kwa jumla ni tani mbili hivi, na nyuma lina tairi pacha. Ukitoa viti, nafasi ya mzigo inabaki kubwa hata baada ya fundi seremala kumaliza kazi yake. Gharama yake ni urefu, na tena ukifikia tani 3.5 unaingia kwenye utaratibu wa mizani za barabarani.

Kwenye injini, mabishano huwa makali. Coaster nyingi na Land Cruiser za familia ya 70 zilikuja na 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu ya mafuta ya kimakanika, nguvu za farasi 130 hivi. Wanaoipinga wana hoja. Hunywa mafuta, moshi wake ni mchafu kuliko wa injini mpya, na kwa kukosa turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo ukipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, utapanda nyuma ya malori. Yote ni kweli. Lakini injini za karibuni za Ulaya zina kichujio cha masizi na mfumo wa urea, vilivyobuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50. Sensa moja ya moshi ikikosea, kompyuta hupunguza nguvu za injini, na fundi wa kijijini, hata awe hodari vipi, hana kifaa cha kuzungumza nayo. Pampu ya 1HZ anaijua. Kuchelewa nyuma ya lori kunakugharimu dakika; kukwama Katavi au kaskazini mwa Turkana ukisubiri spea kutoka mji mkuu kunakugharimu safari yenyewe.

Hata hivyo, si kila mtu anakwenda Turkana. Kwa anayezunguka Dar es Salaam, Arusha na Mombasa kwa lami, Hiace ya petroli ya lita 2.7 inatosha kabisa: haina kichujio cha masizi, haina urea, na spea zake zimejaa madukani. Dizeli ya 1KD, yenye turbo, iko katikati. Ina nguvu mlimani na mafundi wa miji mingi wameizoea, ila nozo zake hazivumilii maji kwenye mafuta, na kuzibadilisha ni ghali. Anayeichagua aongeze kichujio chenye kikombe cha kutenga maji, akifungue kila baada ya kujaza mafuta kwenye kituo asichokijua. Na yeyote anayenunua 1HZ iliyotumika aulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Asipopata jibu, aubadilishe kabla ya safari ya kwanza, kisha alipeleke gari mizani likiwa na maji, mafuta na familia nzima ndani, kila ekseli ipimwe peke yake.