Kuandika Filamu kwa Ajili ya Mashindano (3): Hadithi ya Mlango wa Ruvuma

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza umbo la skripti: ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, matendo huandikwa katika wakati uliopo, na jambo lisiloonekana wala kusikika halina nafasi. Leo tulijibu swali ambalo vijana wa Mtwara huniuliza mara nyingi kuliko yote: hadithi ya kupeleka mashindanoni ianzie wapi?

Mwaka 2021 Netflix na UNESCO walitangaza shindano la filamu fupi zinazotokana na ngano za Kiafrika. Hatua ya kwanza ilidai muhtasari usiozidi maneno 500. Walijitokeza washiriki zaidi ya 2,000, wakapatikana washindi sita, na kila mmoja akapewa dola 25,000 pamoja na bajeti ya dola 75,000 ya kutengeneza filamu yake. Mtanzania Walt Mzengi Corey alikuwa miongoni mwao, na filamu yake, "Katope", ilianza kuonyeshwa Machi 2023. Kiini chake ni hiki: mwanamke wa Dodoma asiye na mtoto anapata mtoto wa udongo, kijiji kina ukame, mtoto anahatarisha uhai wake ili mvua inyeshe. Kila mtu anajua mvua huufanya nini udongo. Hatari imo ndani ya umbo la mhusika mwenyewe, kabla hata hajasema neno.

Miswada mingi ya kwetu ninayoletewa huanza kwa jua kuchomoza Msimbati, kisha msimulizi anaeleza gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ghasia za bomba za mwaka 2013 na bei ya korosho. Yote ni kweli, na yote yanatuuma. Lakini msomaji wa mashindano, mwenye mamia ya maandiko mezani, anafika ukurasa wa tano bila kumjua mtu hata mmoja anayetaka kitu. Hapo anafunga.

Tujaribu pamoja, kwa mfano wa kubuni. Bibi mmoja wa Kilambo anapata habari alfajiri kwamba dada yake, anayeishi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, amefariki. Mazishi ni baada ya adhuhuri. Ni siku za bamvua, maji yanakupwa, na mafungu ya mchanga yameanza kutokeza. Nahodha wa mtumbwi anakataa: wakikwama katikati, watakaa juani mpaka maji yajae tena, na maiti itakuwa imeshazikwa. Bibi anang'ang'ania.

Angalia tulichokipata bila gharama. Mlango wa Ruvuma umetupa saa inayotembea, na hakuna mhusika anayeweza kubishana nayo. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Mvuvi wa Msangamkuu anayajua hayo tangu utotoni. Mwandishi wa mbali, hata awe bingwa wa kiasi gani, itambidi aje kuuliza. Ujuzi huo ndio mtaji wetu mashindanoni, na inanisikitisha tunapouacha nyumbani ili tuandike majambazi wa Dar es Salaam tuliowaona kwenye runinga.

Historia nayo iingie kwa mlango huohuo. Wajerumani waliichukua Kionga, kusini mwa mlango wa mto, mwaka 1894. Wareno wakairejesha mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Usiweke tarehe hizo kinywani mwa msimulizi. Mwache askari amdai bibi hati ya kusafiria, naye anyooshe kidole kuonyesha minazi ya baba yake ng'ambo. Mtazamaji ataelewa kwamba mpaka umepita katikati ya ukoo mmoja. Na waombolezaji waongee Kimakonde, lugha ya kingo zote mbili.

Kabla ya kuandika, isimulie hadithi kwa mdomo. Nenda barazani, simulia mbele ya wazee, kisha utazame uso wa msikilizaji. Anapoangalia pembeni, pana kitu cha kukata, anapouliza "ikawaje?", umeshika uzi. Ndipo uandike, uache siku kadhaa, uandike upya. Hata wenye riwaya kamili mkononi hawakwepi kazi hiyo. Amil Shivji, akiandika na Jenna Bass, aliichukua "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999 yenye watu na visa tele, akawaweka Denge na Yasmin katikati. Filamu ilionyeshwa tamasha la Toronto Septemba 2021, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kukata ni uandishi, tena ndio ulio mgumu zaidi.

Mwisho, masharti. Soma kanuni za shindano neno kwa neno, hasa kipengele cha nani atamiliki hadithi ukishinda, na hata ukishindwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu. Inalinda namna ulivyolieleza katika andiko, si wazo lenyewe, hata likishaandikwa. Kwa hiyo usilipeleke wazo lako kwa waandaaji kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu. Kamilisha andiko, lisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, upate ushahidi wa tarehe, ndipo ulitume.