Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha



Mwezi huu tunaanza na kosa letu wenyewe. Katika sherehe moja ya vijana hapa kambini, mshereheshaji alikuwa anachangamsha watu kwa spika. Akapita mtoto wa darasa la nne, amebeba dumu la maji. Mshereheshaji akamtazama pua, akamtazama kimo, kisha akauliza: "Na huyu naye ni wa kwetu kweli, au alipotea njia?" Uwanja mzima ukacheka. Sisi wa jarida hili tulikuwa tumekaa mstari wa mbele, na sisi pia tulicheka.

Mtoto yule hakwenda shule siku mbili. Siku ya tatu mama yake akaja pale tunapoandalia jarida. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Ndugu zangu, ninyi mlikuwepo. Mbona hamkuandika?" Tulikosa la kujibu. Makala hii ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Swali kama hilo liliwahi kutikisa nchi

Tulipokaa kulizungumza jambo hili, tulikumbuka kisa cha New Zealand cha mwaka 2010. Ni mbali sana na sisi, lakini sikilizeni, mtaona swali ni lile lile.

Huko kulikuwa na mtangazaji wa televisheni ya taifa, TVNZ, jina lake Paul Henry. Aliendesha kipindi cha asubuhi, watu wanakunywa chai huku wanamtazama. Alipendwa kwa sababu alikuwa mcheshi na hakuogopa kusema lolote. Mwaka 2009 alikuwa tayari amelalamikiwa kwa kumcheka mama mmoja, mgeni wa kipindi chake, eti ana nywele juu ya mdomo. Mambo yakapita, akaendelea.

Tarehe 4 Oktoba 2010 alimhoji Waziri Mkuu John Key. Wakati huo Gavana Mkuu wa nchi, yaani mwakilishi wa Malkia wa Uingereza, alikuwa Sir Anand Satyanand. Muda wake ulikuwa unaelekea mwisho na ilibidi atafutwe mwingine. Henry akauliza, huku anacheka, kama Satyanand ni mtu wa New Zealand kweli. Akaendelea kuuliza kama safari hii Waziri Mkuu atachagua mtu mwenye sura na sauti ya mtu wa New Zealand.

Sasa tumjue huyo aliyechekwa. Satyanand alizaliwa mwaka 1944 katika jiji la Auckland, New Zealand hiyo hiyo. Wazazi wake walitoka Fiji, asili yao ni Wahindi. Alisoma sheria, akawa wakili, kisha hakimu, kisha kwa miaka 10 akawa mpokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali. Mwaka 2006 akawa Gavana Mkuu. Mtu amezaliwa pale, amefanya kazi pale maisha yake yote, na bado anaulizwa kama ni wa pale. Kwa nini? Kwa sababu ya rangi na jina lake.

Aliyemtetea ndiye aliyeongeza moto

Malalamiko yalimiminika. Mwanzoni televisheni ilijaribu kumtetea mtu wake. Msemaji wake alisema watazamaji wanampenda Henry kwa kuwa anasema yale ambayo wengine wanayafikiria kimya kimya na wanaogopa kuyatamka. Jamani! Badala ya kuzima moto, alimwaga mafuta ya taa. Watu wakauliza: kwa hiyo mnataka kusema sote ndivyo tunavyofikiri? Waziri Mkuu naye alilaumiwa kwa kutomkatiza papo hapo.

Siku ya pili Henry akasimamishwa kazi bila mshahara hadi tarehe 18 mwezi huo. Kabla hasira haijapoa, lingine likaibuka. Alikuwa amelicheka hewani jina la Sheila Dikshit, mama aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Delhi, India, mji uliokuwa mwenyeji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola siku hizo hizo. Serikali ya India ikamwita mwakilishi wa New Zealand na kumweleza kwamba haikufurahishwa. Tarehe 10 Oktoba, siku sita tu baada ya swali lile, Henry akajiuzulu.

Hakufungwa, wala hakupigwa. Baada ya muda alirudi kwenye redio na televisheni na kuendelea na kazi yake. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaofikiri kwamba kukemea neno baya ni kumziba mtu mdomo maisha yake yote. Sivyo. Na mnamo Agosti 2011 aliyeapishwa kumrithi Satyanand alikuwa Jerry Mateparae, Mmaori, mtu wa kabila lililokuwepo katika visiwa vile kabla Wazungu hawajafika. Sasa huyo naye nani angethubutu kumuuliza kama ana sura ya pale?

Lakini si ni utani tu?

Hapa ndipo vijana wengi wanatubishia. Wanasema, "Wazee, mnakuza mambo. Ule ulikuwa utani." Haya, tuongee basi habari za utani, maana utani si mgeni kwetu.

Wenyeji wetu Watanzania wana utani wa makabila. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, kisha wakawa watani. Mtani anaweza kukuita majina, anaweza kuja msibani kwako akakuchekesha huku unalia, na hukasiriki. Kwa nini hukasiriki? Kwa sababu utani una sheria zake. Kwanza, wewe pia una ruhusa ya kumjibu. Pili, mnajuana na mmekubaliana. Tatu, mtani huyo huyo anayekucheka ndiye anayekusaidia kuchimba kaburi. Utani wa namna hiyo unasema: wewe ni wangu.

Sasa pimeni swali la Henry. Yeye ana kamera na nchi nzima inamtazama. Anayechekwa hayupo pale, na cheo chake hakimpi nafasi ya kuingia katika malumbano. Tena mzaha wenyewe unasema kinyume kabisa: wewe si wetu. Huo si utani, ni dhihaka iliyovaa nguo za utani. Na mtoto wa darasa la nne mwenye dumu la maji kichwani, angemjibu vipi mtu mzima mwenye spika?

Sisi wa Maziwa Makuu tuna sababu ya kuogopa zaidi

Hatusemi kila mzaha unaleta vita. Kisa cha New Zealand kiliishia kwenye barua za malalamiko na kazi kupotea. Lakini sisi tumetoka mahali ambapo tumeona njia hiyo ikifika mwisho wake. Mwezi Julai 1993 redio RTLM ilianza kutangaza Kigali. Watu waliipenda kwa muziki mzuri na watangazaji wachekeshaji. Walianza kwa kucheka sura na asili za watu. Mwaka 1994 redio hiyo hiyo ilikuwa inataja watu wa kuuawa na mahali walipojificha.

Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi zao za habari, wawili wao wakiwa waanzilishi wa redio hiyo. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza vifungo vyao, lakini hakuna aliyetoka bila hatia. Wahenga walishatuonya: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tulifanya nini hapa kwetu

Baada ya mama yule kuja, tuliwaendea wazee wa zoni, na wao wakamwita mshereheshaji. Ni kijana mzuri, hatumtaji jina. Mwanzoni alisema, "Mbona wote walicheka?" Mzee mmoja akamjibu, "Ndiyo maana tuko hapa wote." Kijana akanyamaza. Baadaye alikwenda nyumbani kwa mtoto, akaomba radhi kwa wazazi. Lakini wazee wakasema haitoshi: aliyekosea kwa spika aombe radhi kwa spika. Jumamosi iliyofuata, uwanja ule ule, alifanya hivyo. Na sisi tunaomba radhi hapa, kwa maandishi, kwa sababu tulicheka.

Mtoto amerudi shuleni. Mama anasema bado akienda bombani anazunguka njia ya nyuma. Neno ni kama msumari: unaweza kuung'oa, tundu linabaki.

Wazazi wapendwa, tunaomba mambo matatu. Mtoto akirudi na jina la kebehi, msimwambie "achana nao" tu, ulizeni limetoka kwa nani. Mkisikia dhihaka ya asili au ya sura, msicheke. Mcheshi akikosa wa kucheka hutafuta mchezo mwingine. Na mkikasirika, hasira yenu iende kwa neno na kwa aliyelisema, isiende kwa kabila lake wala kwa nyumba yao. Watu wa New Zealand waliandika malalamiko. Hawakurusha mawe.

Jambo la mwisho. New Zealand ni mojawapo ya nchi zinazopokea wakimbizi kuwapa makao mapya, na Wakongo wenzetu ni miongoni mwa waliopokelewa. Mwaka 2020 nafasi zilipandishwa hadi watu 1,500 kwa mwaka. Wanaofika huanzia katika kituo cha Mangere, jijini Auckland, mji ule ule alikozaliwa Satyanand. Huenda siku moja mtoto wa mmoja wetu atazaliwa huko, na mtu atamuuliza kama ni wa pale kweli. Tungependa awe na jibu. Basi tumfundishe kuanzia hapa, kwa kutomuuliza swali hilo sisi wenyewe.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mwenye maoni ayalete kwa mjumbe wa bloku yake.