Comrade wa Kitui na Makueni: Semina ya Hesabu Unayohepa Ndio Inakutafutia Barua ya Kutoka

Wasee, tuseme ukweli. Ukiona tangazo la semina kwa ubao wa idara ya hesabu, unasoma kichwa, hauelewi maneno matatu kati ya matano, unajiendea kutafuta chai na mandazi. Semina haina CAT, haina mtihani, na hakuna mtu anaita majina. Sasa uende kufanya nini huko?

Shida ni hii. Nafasi nono za wasee wa hesabu, zile za kulipiwa masomo, chakula, kitanda na hata ndege, zinaulizwa kitu moja yenye hauwezi kudownload: barua ya lec anayekujua. Na lec hawezi kukujua kwa darasa ya watu mia mbili, wewe ukiwa nyuma na earphone. Anakujua kwa chumba yenye iko na watu kumi na tano. Chumba hiyo inaitwa semina.

Kwani barua inabeba uzito gani?

Fikiria barua mbili. Ya kwanza inasema: "Mwanafunzi huyu alipata B kwa kozi yangu, ana nidhamu." Manze, hiyo B iko kwa transkripti tayari, kwa hivyo barua haijasema kitu. Ya pili inasema: "Alikuja semina ya modeli za mvua, akauliza swali lililomfanya mzungumzaji afikirie, wiki iliyofuata akaniletea hesabu aliyojaribu mwenyewe." Ukiwa wewe ndio unachagua, unachukua nani?

Na usiseme ati hayo ni mambo ya Kanairo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kiko Kwa Vonza, Kitui, na kina kampasi Wote, Makueni. Zamani kilikuwa SEUCO, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hadi kikapata hati yake 2013. Ni chuo changa, na hiyo inakusaidia. Kwa idara ndogo ni rahisi lec kukushika jina. Kwa idara kubwa ya jijini unaweza kumaliza miaka minne ukiwa namba tu.

Semina huenda aje

Mara nyingi ni saa moja hivi. Anayeongea anaweza kuwa lec wa hapo, mgeni, ama mwanafunzi wa uzamili anayetetea wazo la utafiti wake. Dakika kumi za kwanza anaeleza shida kwa lugha ya kawaida. Halafu fomula zinaanza kumwagika, na hapo ndipo hata malec wengine wanapotea. Usiogope. Ziko semina zimejaa maprofesa na nusu yao wanafuata nusu tu.

Kazi yako ni tatu. Shika zile dakika kumi za kwanza. Andika shida ni gani, anatumia nini kuitatua, na amekwama wapi. Halafu uliza swali moja. Kama hauna swali, hili hufanya kazi karibu kila mahali: "Mfano mdogo kabisa wa hii kitu ni upi?" Hakuna mtu atakucheka. Watu wazito wa hesabu huuliza hivyo kila siku, kwa sababu mfano mdogo ndio huonyesha kama kitu imeeleweka.

Shida ya hesabu iko kwa shamba ya cucu

Wengi wanadhani utafiti wa hesabu ni vitu za Ulaya. Zii. Ukambani kuna mvua mbili: ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Desemba. Wakulima wa huku wanaamini zaidi hiyo ya pili. Lakini nayo huyumba. Mwaka wa El Niño inaweza kumwagika hadi barabara zikatike, kama 1997. Mwaka wa La Niña inaweza kukataa kabisa. Kati ya 2020 na 2022 misimu ilifeli mfululizo, na kama uko na watu ushago, hauhitaji kuelezwa hiyo ilimaanisha nini.

Sasa ona hesabu. Chukua rekodi za mvua za kila siku. Hesabu siku kavu 100, uangalie ngapi zilifuatwa na siku ya mvua. Tuseme, mfano tu, ni 20. Basi ukiwa na siku kavu leo, uwezekano wa kesho kunyesha ni 0.2, na wa kukaa kavu ni 0.8. Siku saba zote zinazofuata zikose mvua? Zidisha 0.8 mara saba: unapata karibu 0.21. Yaani mara moja kati ya tano, mkulima aliyepanda ndengu anaona wiki nzima ya jua kali juu ya mbegu zake.

Hiyo umefanya ni mnyororo wa Markov. Wasee huandika tasnifu nzima juu yake. Ukiichukua kama mradi wa mwaka wa nne, data usiitafute kwa Google tu. Idara ya hali ya hewa iko na ofisi kwa kaunti. KNBS, wale wa sensa, pia wako mashinani. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, liko na kituo Kiboko, Makueni. Enda na barua kutoka kwa idara, omba data ama uombe attachment. Wakikuzungusha, rudi tena. Na kama mvua si mambo yako, Makueni ni maembe na machungwa: bei, mavuno, kiasi kinachooza kabla kifike soko. Zote ni takwimu zinangoja mtu.

Nafasi zenyewe ziko wapi

*AIMS.* Hii ni taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu. Ilianzishwa 2003 pale Muizenberg, Cape Town, na mwanafizikia Neil Turok. Baadaye ikafika Senegal, Ghana, Cameroon na Rwanda. Wanatoa uzamili wenye ufadhili: masomo, malazi, chakula. Kuomba ni bure. Wanataka transkripti, maelezo yako, na walimu wa kukusimamia kwa barua. Umeona? Tumerudi palepale.

*PAUSTI.* Iko Juja, ndani ya JKUAT. Ni tawi la Chuo Kikuu cha Afrika, mradi wa Umoja wa Afrika, na hesabu ni moja ya vitu wanafundisha kuanzia uzamili. Kutoka Kitui ni mat mbili tu.

*ICTP.* Iko Trieste, Italia. Ilianzishwa 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyeshinda Nobel ya fizikia 1979, na lengo lake lilikuwa wasomi wa nchi kama zetu wasitengwe. Iko na diploma ya baada ya digrii. Ndege ni mbali sana? Iko na mshirika wake Kigali, anaitwa EAIFR.

*EAUMP.* Huu ni mpango wa hesabu wa vyuo vya Afrika Mashariki, umeanza 2002 kwa msaada kutoka Sweden. Hufanya shule fupi za wiki kadhaa, na wanaolengwa sana ni wa uzamili na uzamivu. Uliza lec wako kama anawajua. Uwezekano ni kwamba anajua mtu.

*Zindi.* Hii hauhitaji nauli. Ni mashindano ya data mtandaoni, yalianza 2018, na shida nyingi ni za Afrika: mazao, mikopo, hali ya hewa. Kujiunga ni bure. Unahitaji laptopu, bundles, na R ama Python, na zote mbili hazilipishwi.

Halafu kuna matukio ya kukuja karibu. Data Science Africa ilifanya warsha Nyeri 2015. Deep Learning Indaba, mkutano wa akili mnemba wa bara lote, ulikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta 2019. Wasee walipanda mat wakaenda. Waliojua mapema ni wale wenye mtu aliwatumia link, na mara nyingi mtu huyo ni lec ama mwanafunzi wa uzamili mliyekutana kwa semina.

Chunga doh yako

Mimi sikumaliza chuo, karo ilinishinda, kwa hivyo shilingi naijua uchungu wake. Ukiambiwa umeshinda ufadhili lakini utume "ada ya kushughulikia" kwa M-Pesa ya mtu, hepa. Ukiona kongamano limekualika kwa barua pepe, haulijui, halikujui, na linataka dola ndio "uchapishwe", hepa pia. Onyesha lec kabla haujalipa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na lec anayekujua.

Anza hivi

Semesta hii enda semina mbili tu. Keti mbele. Uliza swali moja kwa kila moja, halafu baadaye mfuate mzungumzaji umuulize asome nini mtu wa mwaka wako. Kama idara yenu haina semina, tafuteni wasee watano na darasa tupu Alhamisi jioni, kila mmoja aeleze kitu moja kwa ubao. Mwalikeni lec mmoja. Tarehe 14 Machi ni Siku ya Kimataifa ya Hesabu, UNESCO waliipitisha 2019. Hiyo ni sababu tosha ya kuita watu, hata wa sekondari ya karibu.

Barua haiandikwi wiki ya mwisho kabla dedilaini. Inaanza kuandikwa siku umeketi mbele na ukainua mkono. Semina ijayo kwa idara yenu ni lini? Kama haujui, kesho pitia ule ubao kabla ya mandazi.