Stray Bullets: Toleo la mwisho lililosubiriwa miaka minane

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI wa hadithi za mfululizo analifahamu vyema neno 'itaendelea'. Ni ahadi ambayo mwandishi humpa msomaji, na kwa kawaida hutimizwa baada ya wiki moja au mwezi mmoja. Kwa wasomaji wa Stray Bullets, mfululizo wa katuni za uhalifu kutoka Marekani, ahadi hiyo ilichukua zaidi ya miaka minane. Toleo la 40 lilitoka mwaka 2005. Toleo la 41, ambalo ndilo lililofunga mfululizo huo wa awali, lilitoka Machi 2014.

Mwandishi na mchoraji wake, David Lapham, hakuwa ameishiwa hadithi. Kilichomsimamisha ni fedha, pamoja na namna biashara ya katuni inavyoendeshwa nchini humo. Ndiyo maana historia ya toleo hilo moja inaeleza mengi kuhusu ugumu wa kumaliza kazi ya sanaa isiyo na kampuni kubwa nyuma yake.

Lapham aliwahi kuchora katuni za mashujaa katika kampuni za Valiant na Defiant kabla ya kuamua kujitegemea. Mwaka 1995, yeye na mkewe, Maria Lapham, walianza kuchapisha Stray Bullets kupitia kampuni yao ndogo, El Capitan. Kitabu kilichapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, na kurasa zake nyingi ziligawanywa katika visanduku vinane vya picha vinavyolingana, mfano wa dirisha lenye vioo vinane. Mwaka uliofuata, Lapham alipata tuzo ya Eisner, ambayo ni miongoni mwa tuzo zenye heshima kubwa katika fani hiyo, kama mwandishi na mchoraji bora.

Risasi zisizochagua

Jina la mfululizo huo lina maana ya risasi zinazopotea njia na kumpata asiyekusudiwa. Hilo ndilo kiini cha hadithi yenyewe. Lapham hakujishughulisha na mpelelezi hodari anayefumbua mafumbo. Alichofuatilia ni maisha ya watu wa kawaida wanaoguswa na uhalifu wa wengine.

Katika toleo la pili, msichana mdogo aitwaye Virginia Applejack, baada ya kutazama filamu ya Star Wars mwaka 1977, anashuhudia mauaji. Kuanzia siku hiyo maisha yake hayarudi katika hali ya awali. Matoleo yanayofuata yanamwonyesha akikua, akitoroka nyumbani na kuangukia mikononi mwa watu wabaya na wema. Nyuma ya wahalifu wengi wa hadithi hiyo yupo bosi aitwaye Harry, ambaye hutajwa mara kwa mara lakini haonekani.

Aidha, mwandishi hakufuata mpangilio wa miaka. Toleo la kwanza limewekwa katika mwaka 1997 na linamhusu kijana aitwaye Joey, aliye safarini ndani ya gari lenye maiti. Katika matoleo ya baadaye, msomaji anakutana na Joey huyo huyo akiwa bado mtoto mdogo. Msomaji anamtazama mtoto akicheza huku akijua tayari atakuwa mtu wa namna gani. Hapo hofu haitokani na swali la nini kitatokea, bali na kujua kwamba kitatokea.

Kwa nini hadithi hukatika

Katuni za aina hii nchini Marekani huuzwa kwa sehemu kubwa katika maduka maalumu. Mwenye duka huagiza nakala miezi kadhaa kabla hazijachapwa na, kwa utaratibu uliozoeleka tangu miaka ya 1970, nakala zisizouzwa hazirudishwi. Hasara ni yake. Kwa sababu hiyo, huagiza kwa tahadhari.

Utaratibu huo unamsaidia mchapishaji mdogo, kwani anajua mapema achape nakala ngapi. Hata hivyo, unamwadhibu kadiri mfululizo unavyoendelea. Wasomaji wengine huacha njiani, na ni wachache wanaokubali kuanza hadithi katika toleo la 35. Maagizo hupungua huku gharama za uchapaji na chakula cha familia zikibaki pale pale. Iwapo toleo moja litachelewa, mwenye duka hupunguza oda ya linalofuata.

Lapham alifikia hali hiyo mwaka 2005. Alichukua kazi katika kampuni kubwa ya DC, ikiwamo hadithi ndefu ya Batman. Kazi hizo zina malipo ya uhakika, lakini wahusika ni mali ya kampuni. Stray Bullets ilibaki imesimama katikati ya sehemu yake ya mwisho, iitwayo Hi-Jinks and Derring-Do, ikiwa imebakiza toleo moja tu kukamilika.

Haki iliyobaki nyumbani

Jambo lililookoa kazi hiyo ni kwamba haki zake zote zilikuwa mikononi mwa wenyewe. Laiti zingekuwa za kampuni, uamuzi wa kuimaliza ungekuwa wa ofisi, na huenda mwandishi mwingine angekabidhiwa Virginia.

Mwaka 2014 familia hiyo iliipeleka kazi yao kwa Image Comics, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1992 na wachoraji waliotaka kumiliki kazi zao. Image hutoza ada ya kuchapisha na kumwachia mtunzi hakimiliki. Mwezi huo huo wa Machi yalitoka mambo matatu kwa pamoja: toleo la 41, kitabu kimoja kinene chenye matoleo yote 41 katika kurasa zaidi ya 1,000, na toleo la kwanza la mfululizo mpya uitwao Killers.

Mpango huo ulijibu tatizo la biashara lililoelezwa hapo juu. Msomaji wa zamani alipata mwisho aliodaiwa. Msomaji mgeni hakuhitaji kutafuta nakala 40 za zamani, kwani kitabu kimoja kilitosha. Nao waliomaliza kitabu hicho walikuwa na hadithi mpya ya kuagiza. Baadaye, mwaka 2015, ulianza mfululizo mwingine, Sunshine and Roses, ambao ulifikia matoleo 42, yaani moja zaidi ya ule wa awali.

Wapo watakaouliza iwapo toleo la 41 linaweza kuitwa la mwisho, ilhali wahusika wale wale walirejea. Jibu ni kwamba lilifunga kile kilichoachwa wazi. Tangu mwanzo, Lapham aliandika kila toleo kama hadithi inayojitegemea, na hakuwahi kuahidi kwamba wahalifu wote watafikishwa mahakamani. Deni lake kwa msomaji lilikuwa kumaliza alichokianza, nalo lililipwa.