Gari la Bwana Mkubwa kwa Mshahara wa Mfanyakazi



Katika mikutano ya matawi, kuanzia Mutoyi hadi Muyinga, swali moja limekuwa likirudi. Je, mfanyakazi mwenye akiba kidogo anunue lile gari kubwa la kizamani, lenye viti laini na injini ya silinda sita, ambalo siku hizi bei yake inalingana na ya gari dogo au hata iko chini yake? Tumeona vema tulijibu hapa, maana waliokwisha kukopa kwa ajili hiyo wapo, na wanaotaka kukopa ni wengi zaidi.

Kwanza tuelewane. Hatusemi kwamba starehe ni ya mabwana peke yao. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku ana haki ya kukaa katika kiti kizuri sawa na mkurugenzi. Tunalosema ni hili: bei ya kulinunua gari hilo imeshuka ikamfikia mfanyakazi, lakini gharama ya kulilisha haikushuka. Imebaki pale pale ilipokuwa, mfukoni mwa mkurugenzi.

Kwa nini ni rahisi?

Wazee wetu waliyajua magari ya wakubwa wa zamani. Lilikuwapo Peugeot 504, lililotoka mwaka 1968 na kushinda mashindano ya Safari Rally ya Kenya mwaka 1975 na 1978. Lilikuwapo Mercedes, ambalo kwa jina lake watu wa Kenya na Tanzania waliwaita wakubwa wao “Wabenzi”. Leo nafasi hiyo imeshikwa na Toyota: Crown, Mark II, Brevis lililoundwa kuanzia 2001 hadi 2007, na Mark X lililochukua nafasi ya Mark II mwaka 2004.

Mengi ya magari haya hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Huko kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na gari la petroli likipita miaka 13 hutozwa zaidi. Basi mwenyewe hulikimbia, naye mfanyabiashara huliokota kwa bei ya chini. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, likasafiri zaidi ya kilomita 1,000, likaingia kwetu kwa mpaka wa Kobero. Ndugu zetu wa Muyinga huyaona yakipita.

Likifika, mnunuzi wa kwanza hulitumia mpaka esansi imshinde, akalisukuma kwa wa pili, na wa pili kwa wa tatu. Kila mara bei hupungua. Basi ukiona ni rahisi mno, jiulize ni mzigo gani wenzako wameukimbia.

Tupige hesabu

Chukua mfanyakazi anayekwenda kilomita 20 kazini na kurudi 20, siku 24 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 960. Tuseme gari dogo la injini ya 1,500 linakunywa lita 7 kwa kilomita 100: atahitaji lita 67. Tuseme gari kubwa la silinda sita linakunywa lita 12: atahitaji lita 115. Tofauti ni lita 48 kila mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia wewe, si bei iliyoandikwa ukutani, kisha ulinganishe na mshahara wako. Hapo hujanunua matairi, hujalipa bima, na deni la COOPEC bado linakatwa.

Tena kuna shida ya kuipata hiyo esansi. Kila mmoja wetu anakumbuka foleni za 2022, na hasa za 2024 na 2025, magari yakilala vituoni, na watu wa Bujumbura wakivuka kwenda Uvira kutafuta mafuta. Siku kama hizo, mwenye gari la kunywa sana ndiye anayekwama kwanza.

Na wengi hununua ya bidoni, ambayo hujui imechanganywa na nini. Hapa pana hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Injini nyingi za Brevis na Mark X ni za aina iitwayo D-4. Hizi hunyunyiza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa sana. Zinataka esansi safi. Uchafu na maji ya bidoni huharibu pampu na vinyunyizio, na vipuri hivyo ni ghali. Fundi wa Gitega atakwambia viagizwe Bujumbura. Mafundi wa Buyenzi wataitafuta pampu iliyotolewa katika gari lililokufa. Wewe wakati huo unakwenda kazini kwa miguu, na gari limelala uani.

Ukiamua kununua

Yapo magari makubwa mazuri, na yupo mfanyakazi anayeyamudu. Kwake tunasema haya:

1. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji amekwisha kuiwasha, rudi siku nyingine. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia mahali pasipo pake.

2. Nenda na fundi wako mwenyewe, si rafiki wa muuzaji. Umlipe. Pesa ya fundi ni ndogo kuliko pesa ya injini.

3. Ikiwa injini inatumia mkanda wa taimingi, kama ilivyo kwa Brevis na Mark II nyingi, uliza ulibadilishwa lini. Ukikosa jibu, hesabu kwamba haukubadilishwa, na bei ipunguzwe.

4. Linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Thibitisha kwa OBR kwamba hakuna ushuru unaodaiwa.

5. Pita nalo katika njia ya udongo utakayoitumia kila siku. Magari haya yako chini na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Tope la masika huyajua.

6. Kumbuka kwamba kwetu tunaendesha upande wa kulia, na mengi ya magari haya yana usukani huko huko kulia. Katika kona za milimani, usipite lori usiloliona mbele yake.

Na kabla ya yote hayo, jaribu jambo moja ambalo halina gharama. Kwa miezi mitatu, lilipie gari ambalo bado huna. Kila siku ya mshahara weka kando pesa ya esansi, ya bima, ya matengenezo na ya deni. Watoto wakiendelea kula na karo ikalipwa, nenda ukanunue. Nyumba ikitikisika mwezi wa pili, umejua ukweli bila deni, na akiba bado ni yako.

Kazi ya chama

Lakini tusidanganyane kwamba hili ni jambo la mtu mmoja na mfuko wake. Mfanyakazi hutafuta gari kwa sababu basi halipo. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura, na mabasi yaliyobaki yakakosa mafuta. Aliyechelewa kazini ndiye aliyeulizwa, si basi.

Kwa hiyo kila tawi lifanye mambo mawili. Kwanza, wanaoishi njia moja wahesabiane: wanne wakichangia gari moja dogo, kila mmoja hubeba robo ya esansi. Pili, andikeni hesabu ya kilomita na faranga kama tulivyofanya hapa, kwa kila mwanachama, muilete mkutanoni. Tukienda mbele ya mwajiri kudai posho ya usafiri, twende na karatasi yenye tarakimu. Malalamiko matupu yamekwisha kuzoeleka.

Umoja ni nguvu.